Miwani ya Cucu na Uprofesa Wangu wa Lanet

Nimestaafu nikiwa na miaka kumi na saba, afya njema, meno yote. Nyinyi wa kidato cha pili mliorithi koti la kahawia mmeniomba niwaandikie jinsi kazi inavyofanywa, na naandika sasa kabla kidato cha nne hakijanimeza. Vyeo sitavitaja, kwa sababu nilianza nikiwa profesa na nikamaliza nikiwa profesa, na hapo juu hakuna pa kupanda. Mshahara ulikuwa chai na mandazi. Tuendelee.

Nilianza likizo ya Aprili nikiwa kidato cha pili kama nyinyi. Naishi Lanet na cucu, yaani nyanya yangu, na cucu ana ng'ombe mmoja anayejiona wawili, kwa hivyo kila asubuhi nilikuwa napeleka maziwa kwenye kituo cha mikutano kule juu, unapoacha barabara ya Nairobi. Saa hizo wanajeshi wa kambini wanakimbia wakiimba, lakini ukifika juu wimbo wao unakuwa mwembamba kama moshi, na huwezi kujua kama unausikia au unaukumbuka. Kutoka kwenye madirisha ya ukumbi unaona kipande cha ziwa, na mbele ya ziwa kuna kamba za nguo. Shuka za kituo ni za rangi ya waridi. Asubuhi ya kwanza niliziona kwa mbali, kwenye ukungu, nikasimama na mtungi wangu nikidhani flamingo, wale ndege wa waridi waliolihama ziwa, wamerudi na wamekuja kulala hapa kwetu. Nilisimama mpaka mpishi akaniuliza kama maziwa ni ya kuangaliwa.

Siku hiyo kulikuwa na kozi ya wahadhiri wa chuo kikuu, wale wamefanywa wenyeviti wa idara juzi juzi na hawajui waanzie wapi. Mwalimu wa kozi ni Madam Tabitha. Alikuwa amekodi mwigizaji kutoka mjini aje ajifanye mhadhiri msumbufu, ndio wenyeviti wafanye mazoezi ya kumwambia mtu maneno magumu. Mwigizaji hakuja. Madam akaingia jikoni kutafuta chai ya kutuliza moyo, akanikuta nikimwigiza meneja wa kituo vile anavyotembea akiwa amebeba funguo.

"Wewe," akasema, "unaweza kuwa profesa?"

"Profesa wa nini?"

"Wa kusumbua."

"Hiyo naweza, Madam. Naishi nayo."

Nikavalishwa koti la kahawia la mlinzi, lenye viraka kwenye viwiko, nikapewa faili na fremu ya miwani isiyo na vioo. Dakika kumi baadaye nilikuwa nimeketi mbele ya daktari wa falsafa mwenye ndevu, akiniomba kwa heshima nianze kuhudhuria mikutano ya idara. Nikamwambia nilihudhuria mmoja zamani na sikuona faida. Akaomba msamaha. Mimi, niliyekuwa nimepata arobaini kwa mia kwenye fizikia, niliombwa msamaha na daktari. Nilitoka pale nikielea.

Madam ndiye alinifunza kazi yote ninayoijua. Aliwahi kuwa mwenyekiti wa idara ya kemia, na husema mwenyewe, bila aibu, "Niliharibu idara nzima peke yangu, kwa hivyo najua njia zote." Alinieleza shida ya hawa watu siku ya pili, tukiwa tumeketi kwenye ngazi za ukumbi. Mtu anasoma miaka na miaka jinsi mzizi wa ngano unavyokunywa maji. Anaandika kitabu juu ya mzizi. Anapewa uprofesa kwa ajili ya mzizi. Halafu asubuhi moja anaambiwa: sasa ongoza watu. Na watu hawana mizizi, wana midomo.

Kanuni zake ni hizi, na mzishike. Usishinde, kazi yako ni kumfanya mwenzako ajifunze. Akikuambia neno la kweli, lainika, hata kama ulikuwa na mzaha mzuri umeuandaa. Usilete mambo ya kwenu kwenye kile kiti. Na kabla hujajibu, hesabu hadi nne kimoyomoyo. Hii ya nne aliwafunza na wenyeviti pia. Alisema wasomi wanaogopa kimya kama paka anavyoogopa maji, wanakijaza na maneno, na ukweli unakosa mahali pa kupita.

Tena kulikuwa na neno moja alilolipiga marufuku: "tutaliangalia." Mkileta jambo lolote chuo kikuu, iwe paa linavuja au mtu amekufa, mkubwa anasema tutaliangalia. Mtu akilitamka ukumbini, Madam aligonga glasi kwa kijiko, ting, na mazoezi yakaanza upya. Kuna mama mmoja, daktari wa takwimu, wa kikundi changu cha mwisho, aligongewa mara nyingi asubuhi moja mpaka mpishi akaja kuuliza nani anaita chai.

Kesi ngumu nilizipata. Kuna yule aliyeniandikia barua rasmi nikiwa nimekaa mbele yake, akainuka, akaja upande wangu wa meza kuniletea. Kuna aliyenipa somo la dakika ishirini juu ya uwajibikaji, nikalala, kweli kabisa, si kuigiza. Kuna aliyelia, na Madam akamwacha alie, halafu akamwambia, "Sasa endelea, bado hujamwambia." Alasiri ndizo zilikuwa nzuri zaidi. Jua linaingia kupitia mapazia ya kijani, ukumbi wote unakuwa kama chini ya maji, na mimi ndani ya lile koti kubwa nasahau ni nani. Niko na miaka sitini, nina wanafunzi duniani kote, na hakuna anayenielewa. Halafu kengele inalia na mimi ni Wambui tena, na mtungi wa maziwa unaningoja.

Hapa inabidi niwaambie habari ya dada yangu Naomi, kwa sababu bila yeye hadithi haina mguu. Naomi alisomea kilimo chuo kikuu. Alimaliza masomo yote, lakini hajahitimu, kwa sababu maksi za kozi moja zilipotea. Kozi yenyewe ni ya udongo, ya mwaka wa tatu. Nyinyi mna ndugu wakubwa, mnajua ugonjwa huu. Ulifanya mtihani, uliona karatasi ikikusanywa, lakini kwenye mtandao wa chuo mahali pa maksi pana kistari tu. Miaka miwili kistari. Naomi alikuwa amekodi chumba kimoja Karagita, akifunga maua kwenye shamba moja la waridi, mikono yote mikwaruzo, na shamba lilikuwa limemwahidi kazi ya msimamizi wa udongo akileta cheti kabla ya mwisho wa mwaka. Kule kwetu Kuresoi baba alikuwa ameacha kuuliza. Alikuwa anapalilia viazi tu na kunyamaza.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, likizo ya Aprili, kikaja kikundi kipya cha wenyeviti, na kati yao Daktari Kirui. Mrefu, mpole, anatembea kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Zamu yake ilipofika, Madam alimwambia atupe kesi yake ya kweli bila kutaja jina.

"Kuna mzee kwenye idara yangu," akasema. "Profesa. Ana karatasi za mtihani kwenye ofisi yake tangu mwaka juzi. Hajasahihisha. Wanafunzi wa kozi yake ya udongo hawawezi kuhitimu. Nikimuuliza ananiambia tutaliangalia."

Ting, kijiko kikagonga.

"Nanukuu, Madam," Kirui akasema.

"Endelea."

"Sasa shida ni kwamba yeye ndiye alinifunza. Na nilipooa, mke wangu ni wa huku Njoro, mzee wangu mwenyewe alikuwa ameshafariki. Profesa ndiye alienda kunisemea mahari. Alinisimamia kama baba. Nitaanzaje kumwambia mtu kama huyo amekosa?"

Mimi nilikuwa nimeshavaa koti. Niliposikia udongo, masikio yangu yalipata moto. Vyuo ni vingi, nikajiambia. Halafu akataja jengo, lile lenye mkaratusi ulioangukia paa, na Naomi alinisimulia habari za ule mkaratusi mara mia.

Kwa hivyo jueni nilichokuwa nimekalia. Nilikuwa nimevaa koti la mtu aliyemfungia dada yangu maisha kwenye kabati, na mbele yangu alikuwa mtu pekee mwenye mamlaka ya kumwambia afungue. Na kanuni ilisema usilete mambo ya kwenu kwenye kiti.

Kirui akaketi. Akaniuliza habari ya mvua. Akaniuliza ng'ombe wangu wanaendeleaje. Nikasema wanaendelea. Akaniuliza watoto. Nikasema wako Kanada, maprofesa wengi huwa nao huko. Tulizunguka hivyo robo saa, tukazika watu wawili na kuozesha mmoja, na mwisho akainuka, akaniinamia na kusema, "Basi mzee, lile jambo lingine, tutaliangalia."

Madam hakugonga hata. Aliweka kijiko chini.

Jioni nilimpigia Naomi. "Nimempata mwenyekiti wenu," nikasema. "Nimtajie jina lako? Ni mtu mpole."

"Wewe Wambui, usithubutu." Sauti yake ilishuka. "Ikijulikana ni mimi nimelalamika, hiyo karatasi haitaonekana mpaka Yesu arudi. Kwanza wewe unafanya nini na mwenyekiti wetu?"

"Mimi ni profesa wake."

"Haya. Lala."

Likizo ya Agosti wakarudi kwa kipindi cha pili. Asubuhi ile nilikalia fremu yangu ya miwani, ikavunjika katikati. Profesa bila miwani ni mlinzi tu aliyevaa koti lake. Nikakimbia nyumbani, nikachukua miwani ya cucu ya kusomea Biblia bila ruhusa, na cucu akiwa ng'ombeni. Ile miwani ni minene kama chini ya chupa. Nilipoivaa, ukumbi wote uliyeyuka. Wenyeviti wakawa mawingu yenye tai. Dirisha likawa ziwa, shuka zikawa machweo. Nilitembea hadi kwenye kiti nikipapasa, na watu wakacheka, wakidhani ni ufundi.

Kirui alikuwa amejiandaa safari hii. Alikuja na karatasi iliyochapwa: makubaliano ya tarehe ya kurudisha maksi, mahali pa sahihi pamewekwa nukta nukta. Akaisukuma mezani. "Profesa, naomba usome, halafu utie sahihi."

Niliishika. Sikuona hata herufi moja. Nikaisogeza mbali, mkono ukanyooka. Nikaigeuza upande wa dirisha kutafuta mwanga. Nikatikisa kichwa polepole kama mtu anayepima maneno mazito, nikasema, "Iko sawa. Nimesoma. Tutaliangalia."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Baadaye nilielezwa kwamba karatasi ilikuwa kichwa chini. Yule mama wa takwimu alikuwa anafuta machozi. Nikaona wingu moja tu halikutikisika, na lilikuwa mbele yangu.

"Rudia," Kirui akasema.

"Kurudia nini, Daktari?"

"Vile umeshika karatasi."

Nikarudia. Mkono mbali, dirishani, kichwa. Safari hii hakuna aliyecheka, kwa sababu Kirui alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja.

"Huyo ni yeye," akasema. Alikuwa anaongea na Madam, lakini pole pole, kama mtu anayesimulia ndoto kabla haijamtoroka. "Hivyo ndivyo anashika. Kwenye mikutano ananiambia, Kirui, tusomee wewe, una sauti nzuri. Miaka miwili nasoma. Nilidhani anapenda sauti yangu. Anafunza bila daftari, tukasema ni kujigamba. Ukimpita bila kumsalimia hakusalimii, tukasema ana maringo. Madam, huyu mzee haoni."

Fikirieni ukumbi ule. Madaktari kumi na wawili wa falsafa, watu wa kupima kila kitu, walikuwa wamemsikiliza Kirui tangu Aprili na kila mmoja alikuwa ametoa uchunguzi wake: kiburi, uvivu, siasa. Hakuna aliyekuwa ameuliza macho. Hata mimi, niliyemchukia bila kumjua, nilikuwa nimemwigiza kama mtu wa kiburi kila siku kwa bidii.

"Sawa," Madam akasema. "Umejua sababu. Lakini wanafunzi bado hawana maksi. Utamwambiaje?"

"Siwezi kumwambia mzee ni kipofu mbele ya watu."

"Nani amesema mbele ya watu?"

Kirui akahesabu, nilimwona midomo. Halafu akaenda, akamchukua yule mama wa takwimu kwa mkono, akamleta asimame naye, wote wawili wakavua viatu mlangoni pa ukumbi. Sikuelewa mpaka alipofungua mdomo.

"Hodi kwa mzee," akasema. "Tumekuja wawili, kwa sababu jambo lenyewe si la mtu mmoja. Tuna kondoo wetu waliopotea. Tumefuata nyayo zao, na zimeingia boma lako. Hatujasema umewaiba, mzee. Tunauliza tu kama uliwasikia."

Yalikuwa maneno ya mahari. Wageni wanaokuja kuposa hawasemi wanataka msichana. Wanasema wanatafuta mwana-kondoo. Ni maneno yaleyale Profesa aliyoyasema Njoro kwa niaba yake, na sasa alikuwa anamrudishia.

Zamu yangu ya kujibu ikafika. Nilikuwa na mizaha mitatu tayari. Nikahesabu hadi nne. Nikapita nne. Nyuma ya vile vioo kila kitu kilikuwa ukungu wa waridi na kijani, hakuna uso hata mmoja, sauti tu, na kwa mara ya kwanza nikajua ni upweke wa aina gani kukaa ndani ya ukungu huo ukijifanya unaona. Nikamfikiria Naomi na mikono yake. Nikamfikiria yule mzee na kabati lake. Na sikuweza kuchagua upande.

"Wako ndani," nikasema. "Siwaoni, lakini nawasikia."

Hakuna kengele iliyolia. Madam alikuja, akanivua miwani yeye mwenyewe, akaifuta na kitambaa, akanirudishia. "Irudishe kwa mwenyewe," akasema. Cucu alikuwa ameshanitafutia fimbo, lakini hiyo ni kumbukumbu ya kazi nyingine.

Muhula wa tatu ulikuwa mrefu. Sikumwambia Naomi lolote, kwa kuwa matumaini ya watu si ya kuchezea, hata mimi nina mipaka. Novemba akanipigia.

"Maksi imetokea," akasema.

"Ngapi?"

Nikahesabu.

"Arobaini na moja."

"Hiyo ni D."

"Ni D."

"Ya kupita?"

"Ya kupita." Nikasikia anapumua. "Miaka miwili, Wambui. Nangojea D."

Tulicheka mpaka salio likaisha. Yeye alicheka akilia, na mimi pia, lakini mimi mtasema ni vumbi. Barua ya kuthibitisha kwamba amehitimu ilifika shambani wiki mbili kabla ya mwaka kwisha. Sasa anapima udongo Karagita, na kila mtu anamwita madam, jambo ambalo limemharibu kabisa.

Desemba ulikuwa mkutano wa mwisho wa kikundi kile. Nilikuwa nakunja koti jikoni wakati Kirui aliingia akimshika mkono mzee mfupi mwenye miwani myeusi.

"Ni nani hapa," mzee akauliza, "ananifanya mimi?"

Mpishi akanionyesha kwa mwiko. Msaliti.

"Shikamoo, Profesa," nikasema.

"Marahaba. Nimetolewa mtoto wa jicho kwenye hili la kulia. La kushoto ni mwezi ujao. Kwa hivyo unifanye upande wa kulia, nione."

Wenzangu, mimi nimewaigiza walimu wetu wote, mwalimu mkuu, na askofu siku ya kipaimara. Nilisimama pale na koti mkononi na sikuweza. Nilisema, "Siwezi, mzee. Nimestaafu."

"Lini?"

"Sasa hivi."

Akacheka kidogo. Akagusa koti. "Na hili ndilo langu? Mimi nina la bluu." Halafu akaniambia jambo ambalo ningependa mlishike kuliko kanuni zote. "Kirui alikuja kwangu na mwenzake, wakavua viatu, wakaniambia maneno ya kondoo. Unajua niliwajibu nini?"

"Hapana, mzee."

"Niliwaambia tutaliangalia."

Kirui akatazama sakafu.

"Nilingoja waondoke," Profesa akasema. "Siku zote huyu akisikia hivyo anaondoka. Hakuondoka. Hakusema kitu. Alikaa tu, na mwenzake akakaa, mpaka chai ikapoa. Nikawa sina pa kujificha. Ndipo nikamwambia, mwanangu, fungua hilo kabati, unisomee, mimi nitatoa maksi. Tumesoma karatasi zote, jioni hadi jioni. Kuna mmoja aliandika vibaya sana, lakini anajua udongo."

Sikumuuliza ni nani. Nadhani nilijua.

Kirui aliitwa ukumbini, tukabaki mimi na Profesa kwenye dirisha la jikoni. Ukungu ulikuwa bado haujainuka vizuri. Akavua miwani myeusi, akaelekeza lile jicho jipya nje, likitoa machozi kwa mwanga.

"Ile nyeupe ni ziwa," akasema.

"Ni ziwa."

"Na ile ya waridi, mbele yake. Flamingo wamerudi?"

Nilikuwa na jibu la mzaha, na nilikuwa na jibu la huruma. Nikahesabu hadi nne. Nikamshika kiwiko, nikafungua mlango wa nyuma, na hewa baridi ikaingia na harufu ya sabuni.

"Twende karibu, mzee," nikamwambia. "Tuliangalie."